Moshi wa pikapu yako ulipimwa lini?

Miezi kadhaa iliyopita baba mmoja alimleta mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, katika kliniki yangu. Kijana huyo ana ugonjwa wa pumu. Alikuwa ametibiwa kwingi, na dawa alizopewa zilikuwa zilezile ambazo mimi pia ningempa. Kilichowashangaza wazazi wake ni kwamba kikohozi na kubanwa kifua vilimjia asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa moja, tena siku za kazi tu. Jumapili alilala vizuri mpaka jua likawa juu. Na wakati wa likizo, alipopelekwa kwa nyanya yake huko Murang'a, alirudi akiwa hakuigusa ile dawa ya kuvuta ya kumtuliza hata mara moja.

Nilimuuliza baba maswali ambayo daktari yeyote angeuliza. Mnapikia nini? Kuna paka nyumbani? Kuta zina unyevu? Nani anavuta sigara? Majibu hayakunisaidia. Nikaandika dawa, nikawasindikiza hadi mlangoni.

Baba aliingia katika pikapu yake, akawasha injini. Wingu jeusi lilitoka nyuma, likapanda hadi kwenye dirisha la chumba cha sindano, na muuguzi wangu akakimbia kulifunga. Kijana naye akaanza kukohoa kabla hata hajapanda.

"Mzee," nikamwita, "pikapu hii unailaza wapi?"

"Nyuma ya nyumba, daktari. Pale chini ya dirisha la watoto."

"Na asubuhi unaiwasha saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili. Unajua hii ni dizeli, lazima ipate moto kwanza. Naiacha ingurume kama dakika kumi na tano, mimi nanyoa ndevu."

"Moshi wake ulipimwa lini mara ya mwisho?"

Akacheka. "Kupimwa? Daktari, hii ni gari yangu ya nyumbani. Si matatu."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nimelisikia mara nyingi tangu siku hiyo, kutoka kwa walimu, wakulima, wahasibu na hata madaktari wenzangu. Pikapu za dizeli ziko tele mijini mwetu. Hubeba saruji siku ya Jumamosi, nyasi za ng'ombe siku ya Jumatatu, na watoto wa shule siku nyinginezo. Wenyewe huzipeleka kwa fundi zinapokataa kuwaka. Kupima kile kinachotoka nyuma si jambo linalowajia akilini.

MASIZI YANAPOINGIA KIFUANI

Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli haina cheche. Yenyewe hubana hewa mpaka ikawa moto sana, kisha nozeli hupuliza dizeli ndani ya hewa hiyo kama ukungu mwembamba, nayo hushika moto. Kila tone likipata hewa ya kutosha huungua likaisha. Likikosa hewa, au nozeli ikiwa imechoka na kudondosha badala ya kupuliza, sehemu ya mafuta hugeuka kuwa masizi. Huo ndio weusi unaouona kwenye kioo chako cha pembeni unapopanda mlima.

Lakini ule weusi unaoonekana sio unaotutia hofu zaidi sisi madaktari. Chembe nyingi za masizi ya dizeli ni ndogo kuliko maikroni 2.5, ilhali unywele wako mmoja una unene wa maikroni 50 au zaidi. Vumbi la kawaida la barabarani hunaswa puani na kooni, ukalitoa kwa kupenga kamasi. Chembe hizi ndogo hupita vizuizi vyote hivyo zikafika chini kabisa, kwenye vile vifuko vidogo vya mapafu ambamo damu huchukua oksijeni. Zilizo ndogo zaidi huvuka zikaingia kwenye damu yenyewe. Ndiyo maana siku hizi tunapozungumza juu ya moshi wa magari tunataja pia mshtuko wa moyo na kiharusi, si kikohozi peke yake. Pamoja na masizi hutoka gesi za oksidi za naitrojeni ambazo hazionekani vizuri kwa macho. Kwa mgonjwa wa pumu, gesi hizo ni kama pilipili kwenye kidonda.

Mwaka 1988 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilisema kwamba moshi wa dizeli huenda unasababisha saratani. Mwezi wa Juni 2012 liliondoa neno "huenda" na kuuweka moshi huo katika kundi la kwanza, pamoja na tumbaku, kwa sababu ya saratani ya mapafu. Mwaka 2021 WHO ilishusha kiwango inachopendekeza cha chembe hizo ndogo hadi maikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa kwa wastani wa mwaka mzima. Kabla ya hapo kilikuwa 10. Miji mingi ya dunia, Nairobi ikiwemo, haijakifikia.

Labda utasema hizi ni hesabu za vitabuni tu. Basi mkumbuke Ella Adoo-Kissi-Debrah, msichana wa miaka 9 aliyeishi London karibu na barabara yenye magari mengi. Alikuwa na pumu kali, akalazwa hospitali mara nyingi, akafariki Februari 2013. Mwezi wa Desemba 2020 afisa wa mahakama anayechunguza vifo alitamka kwamba uchafu wa hewa ulichangia kifo chake. Nilimsimulia baba yule habari hii pale mlangoni. Alizima injini.

Mtoto ana mambo mawili yanayomweka hatarini kuliko mtu mzima. Huvuta hewa nyingi zaidi kwa kulinganisha na uzito wake, na urefu wake unamweka karibu na kimo cha bomba la moshi. Simama nyuma ya pikapu yako, kisha piga magoti. Hapo ndipo mwanao anapovutia pumzi.

Kabla ya kuja kwenye kipimo, itazame rangi ya moshi, kama daktari anavyotazama ulimi. Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa: kichujio cha hewa kimeziba, nozeli zimechakaa, turbo imechoka, au pampu imefunguliwa kupita kiasi. Wa samawati maana yake injini inakula oili. Mweupe wakati wa baridi, unaopotea baada ya muda mfupi, usikutie wasiwasi, lakini mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto ni wa kupelekwa kwa fundi siku hiyohiyo.

KIPIMO CHENYEWE

Wengi huogopa kipimo kwa sababu hawajakiona. Hakina maajabu. Injini hupashwa moto sawasawa kwanza, gia ikawekwa huru, na mrija mwembamba ukaingizwa kwenye ekzosi. Mrija huo hupeleka moshi kwenye kijisanduku ambamo upande mmoja kuna taa na upande wa pili kuna jicho la kupokea mwanga. Mkaguzi hukanyaga mafuta kwa haraka hadi mwisho, akaachilia, kisha akarudia mara kadhaa. Mashine husoma ni mwanga kiasi gani uliozuiwa na moshi. Ikiwa moshi ni mzito, mwanga haupiti, na namba hupanda. Ni kazi ya dakika chache.

Kwa mfano, Uingereza kila gari la binafsi huanza kukaguliwa likifikisha miaka mitatu, na baada ya hapo kila mwaka, liwe pikapu au gari dogo. Kwa dizeli za zamani zisizo na turbo kikomo ni 2.5 kwenye kipimo hicho, zenye turbo ni 3.0, zilizoanza kutumika tangu Julai 2008 ni 1.5, na mpya zaidi ni 0.7. Yaani kadiri gari lilivyo jipya, ndivyo linavyodaiwa usafi zaidi. Katika jimbo la California huko Marekani, pikapu za dizeli za mwaka 1998 na baadaye, zenye uzito usiozidi ratili 14,000 pamoja na shehena, zilianza kulazimika kupimwa mwaka 2010, kila baada ya miaka miwili. Mpaka wakati huo petroli ndiyo iliyokuwa ikifuatwafuatwa na dizeli ikiachwa, na mwenye pikapu wa huko alikuwa na jibu lilelile la "hii ni yangu ya nyumbani".

Sasa turudi kwetu. Sheria yetu ya Trafiki, Sura ya 403, huliangalia gari kwa kazi yake. Gari lililoundwa kubeba mizigo inayohusiana na biashara au kilimo ni gari la kibiashara. Kwa hiyo wewe unayesema pikapu yako ni ya nyumbani, huku kila alfajiri inapeleka maziwa sokoni, jiulize tena. Magari ya kibiashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka, na sheria hiyohiyo inayataja pia magari yaliyopita miaka minne tangu yaundwe. Zaidi ya hayo, kanuni za trafiki zinataka gari litunzwe na kutumiwa bila kutoa moshi unaoweza kuepukwa, nazo Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014, zilizo chini ya sheria ya mazingira, zinaweka mipaka ya hewa chafu kutoka kwa magari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba moshi wa pikapu ya mwalimu ni halali na wa matatu ni haramu.

Ugumu uko katika utekelezaji. Kwenye ukaguzi, breki, taa, usukani na magurudumu ndivyo vinavyozungumzwa, na ni haki, kwa maana gari lisilo na breki huua leo. Moshi huua polepole, kwa hiyo hakuna anayeuharakia. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya za ukaguzi wa magari ili wananchi watoe maoni, na kelele nyingi zilikuwa juu ya ada na foleni. Ada na foleni ni malalamiko ya haki. Lakini katika mabishano yote niliyoyasikia, kwenye kinyozi na kwenye matatu, sikumsikia mtu akitaja mapafu.

Wapo pia wanaoniambia, "Daktari, langu lilikaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini." Sawa. Gari la mtumba haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane, na hukaguliwa kabla ya safari. Lakini hicho ni cheti cha kuzaliwa. Hakisemi lolote juu ya hali yake baada ya miaka kumi ya mashimo, vumbi, na mafuta ya vituo ambavyo hata wewe huvijui.

KWA NINI PIKAPU ZETU HUSHINDWA

Kuna sababu moja ambayo madereva wachache huifikiria, nayo ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita. Injini isiyo na turbo, iliyorekebishwa vizuri kule pwani, ikipandishwa Nairobi hupata mafuta yaleyale na hewa pungufu. Matokeo yake ni masizi. Ukiipeleka Limuru, ambako ni juu zaidi, itazidi kufuka. Kwa hiyo ukinunua pikapu kuukuu kutoka pwani usikae ukilaani muuzaji. Mpeleke fundi arekebishe pampu ilingane na mahali unapoishi.

Sababu ya pili ni mafuta yenyewe, na hapa tuna habari njema. Tangu Januari 2015 dizeli inayouzwa Kenya na majirani zetu wa Afrika Mashariki inatakiwa isizidi sehemu 50 za salfa katika kila milioni. Kabla ya hapo ilikuwa 500, na ile iliyosafishwa zamani katika kiwanda cha Changamwe ilikuwa chafu zaidi. Lakini dizeli safi ikichanganywa na mafuta ya taa hupoteza ulaini, na pampu na nozeli huanza kusagika. Uovu huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuwakatisha tamaa wachanganyaji. Ukiuziwa dizeli kwa bei ya kushangaza kando ya barabara, jua kuna anayelipia tofauti hiyo, na huenda ni pampu yako.

Sababu ya tatu naiandika kwa aibu kidogo. Pikapu nyingi mpya zina kichujio cha masizi ndani ya ekzosi. Kazi yake ni kunasa chembe zile ndogo nilizozitaja, kisha kuziteketeza gari linapokwenda mwendo mrefu wa kasi moja. Gari la kwenda sokoni na kurudi halipati moto wa kutosha, kichujio hujaa, na taa ya onyo huwaka. Yangu iliwaka. Fundi mmoja aliniambia, "Daktari, hii kitu tunaitoa tu, gari itakuwa nyepesi." Nikakubali, mimi ninayewafundisha wengine. Ni kweli, gari likawa na nguvu. Baada ya miezi miwili mke wangu akaniuliza kwa nini mashati meupe kwenye kamba ya nguo yana madoa madogo meusi. Kukirudisha kichujio kulinigharimu mara nyingi ya kile nilicholipa kitolewe. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililoundwa na kichujio hicho likikutwa halinacho hushindwa ukaguzi papo hapo, na naona ni sheria ya busara. Taa yako ikiwaka, jaribu kwanza kuliendesha gari nusu saa kwenye barabara kuu bila kusimamasimama. Isipozima, mwone fundi wa kukisafisha, si wa kukitoboa.

Na tafadhali usifanye ule ujanja wa kupunguza mafuta kwenye pampu siku ya ukaguzi na kuyarudisha jioni. Nina wagonjwa wa kisukari wanaoacha soda siku tatu kabla ya kuja kupimwa damu. Kipimo cha sukari ya miezi mitatu huwaumbua. Hata kampuni kubwa zimeujaribu ujanja huu. Mwaka 2015 Volkswagen ilikiri kwamba magari yake ya dizeli yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu iliyotambua gari linapopimwa na kulifanya litoe hewa safi kwa muda huo tu. Hapa niseme pia kwamba kipimo cha mwanga hakioni kila kitu. Kinapima masizi, hakipimi zile gesi za naitrojeni. Pikapu inaweza kupita na bado isiwe ya kuwekwa chini ya dirisha.

Basi ufanye nini? Usisubiri askari. Tafuta gereji yenye mashine ya kupima moshi, na uombe upewe namba iliyoandikwa kwenye karatasi, wala si maneno ya "iko sawa". Uiweke pamoja na logibuku, upime tena mwaka ujao, na ulinganishe. Badilisha kichujio cha hewa mapema ikiwa unapita njia za vumbi. Hicho ni cha bei nafuu kuliko vyote na ndicho kinachosahauliwa zaidi. Nozeli zikaguliwe kwenye mashine. Fundi anayezisikiliza kwa sikio tu anabahatisha. Asubuhi usiiache injini ikinguruma robo saa. Kuwasha, kungoja kama dakika moja, kisha kuondoka polepole bila kukanyaga sana kunatosha, hata Julai. Usiwapakie watoto nyuma kwenye turubai, maana hewa huzunguka ikarudisha moshi mle mle ndani.

Sitaki mzazi yeyote asome haya kisha amnyang'anye mtoto dawa akidhani dawa ya pumu iko kwenye gereji. Pumu ina vichochezi vingi. Jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa linaweza kuwa baya kuliko pikapu tano. Dawa ya kuzuia huvutwa kila siku, hata mtoto akiwa mzima, mpaka daktari aseme vinginevyo.

Yule baba aliifikisha pikapu yake gereji juma lilelile. Kichujio cha hewa kilikuwa kimeshiba vumbi kama mkeka wa mlangoni, na nozeli mbili kati ya nne zilikuwa zikidondosha. Sasa anailaza karibu na geti, pua ikitazama ndani na ekzosi ikielekea barabarani. Nilimwambia jirani wa ng'ambo naye ana madirisha, akasema atalifikiria.

Kijana bado ana pumu na bado anavuta dawa yake ya kila siku. Ile ya kutuliza, ambayo zamani ilikwisha kabla ya mwezi, sasa inadumu muhula mzima. Walipokuja mara ya mwisho baba alitoa karatasi ya kipimo mfukoni, akaikunjua juu ya meza yangu kama mtu anayeonyesha ripoti ya shule. Kisha akaniuliza yangu iko wapi.